Siradi wa Imamu Zahoro

Habari zilimfika Mgeni wakati ambao hakuweza hata kugeuza shingo, maana kichwa chake kilikuwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele katika saluni ya Nerima, chini ya ghorofa waliyokaa, mtaa wa Tena, Nairobi. Alikuwa amekuja kutengenezwa kwa ajili ya Jumapili. Siku hiyo wakwe wangekuja kumposa Hikma, binti yake wa pekee, kwa ajili ya kijana wao Kadar, na Mgeni alikuwa ameapa kwamba watu wa mtaa wa Fedha hawatamkuta na kichwa kama cha mtu aliyetoka shambani, ingawa chini ya mtandio hakuna ambaye angekiona.

Redio ilikuwa ikiimba. Nerima mwenyewe alikuwa akiifuatisha huku akimsuka mteja mwingine, na makalio yake yakifuata ngoma.

*Siradi umechelewa, koo langu lakauka,*
*Kila roho yaelewa, bila wewe itatoka,*
*Njoo ukilewalewa, kiuno chatikisika,*
*Siradi nipe kidogo, kidogo kitanitosha.*

"Nani huyo Siradi?" Mgeni aliuliza kutoka ndani ya mashine.

"Sijui, mama. Lakini ana bahati," Nerima alisema. "Ngoja usikie ubeti wa pili."

*Vijana wakikuona, safu wanakupangia,*
*Wakubwa wasukumana, cheo wamekiachia,*
*Hata imamu naona, haya zinanikimbia,*
*Siradi nipe kidogo, kidogo kitanitosha.*

Wimbo ulipokwisha, mtangazaji alicheka kwanza ndipo akasema. "Huyo ni Shiru wa Dandora, na wimbo unazidi kupanda. Mashairi, kwa taarifa yenu, ni ya mzee wetu wa hapa Eastlands, Imamu Zahoro, aliyekuwa imamu wa jeshi kule vitani. Vita vina mambo yake, wapenzi wasikilizaji."

Mikono ya Nerima ilisimama. Mteja aliyekuwa akisukwa aliinua kichwa, akamtazama Mgeni kwenye kioo, kisha akakiinamisha haraka kama aliyeona mtu akivaa. Nerima aligundua ghafla kwamba kitana chake kinahitaji kuoshwa, akaenda kukiosha, na alikiosha muda mrefu kuliko kinavyooshwa kitana.

Mgeni alijitoa kwenye mashine nusu ya nywele zikiwa mbichi, akajifunga mtandio na kupanda ngazi.

Mumewe alikuwa sebuleni akipiga pasi kanzu ya Jumapili. Zahoro alikuwa amestaafu kitambo, lakini kanzu zake bado zilikuwa na mikunjo iliyosimama kama iko kwenye gwaride.

"Siradi ni nani?" Mgeni aliuliza mlangoni.

Zahoro alitabasamu. Tangu Shiru aje kumwomba shairi baada ya hafla ya wanajeshi wastaafu pale Dandora, alikuwa akingojea siku ambayo mkewe angeusikia wimbo bila ya kuambiwa. "Umesikia, eh? Msichana ana sauti. Ila kwenye ubeti wa pili anavuta pumzi mahali sipo."

"Nimekuuliza Siradi ni nani."

"Siradi ni boza."

Mgeni alikaa kwenye kochi. "Mtoto wa watu unamwita boza."

"Boza la maji, Mama Hikma. Lori. Ndilo lililokuwa likituletea maji kambini. Hatukuruhusiwa kulitaja kwenye redio ya upepo kwa sababu adui anasikiliza, basi vijana wakalipatia jina la kike la wenyeji wa kule. Ukisikia Siradi ameondoka, unajua maji yako njiani."

"Lori lina kiuno."

"Tangi likijaa na barabara ikiwa mbovu, huku nyuma linatikisika."

"Na vijana wakalipangia safu."

"Wakiwa na madumu yao."

"Madumu siyasikii katika shairi."

"Mizani haikuruhusu," Zahoro alisema, na alisema kweli, lakini ilikuwa kweli ya aina isiyomsaidia mtu.

"Na wewe, imamu wa watu, haya zikakukimbia. Kwa sababu ya lori."

"Kiu ni kitu kibaya, Mama Hikma. Watu tulikuwa tukitayamamu kwa mchanga badala ya kutawadha, halafu siku hiyo boza linatokea, na yule dereva..." Kulikuwa na jambo ambalo lingeimaliza kesi ile pale pale, na lilikuwa limefika mdomoni. Zahoro alilimeza, kama alivyokuwa akilimeza tangu arudi.

Mgeni alimwona akimeza. Mwanamke aliyeolewa muda mrefu analijua koo la mumewe.

"Kuna kitu hukisemi," alisema.

"Hakuna."

"Basi angalia pasi."

Zahoro aliinua pasi. Begani pa kanzu palikuwa na alama ya hudhurungi yenye umbo la jahazi. Walikuwa bado wanaitazama alama hiyo, Hikma alipoingia kutoka kazini, shule ya chekechea, akiwa ameshika simu kama kitu kilichomuuma.

"Kadar amenipigia," alisema. "Baba yake ametoka dukani katikati ya wateja na kwenda nyumbani. Vijana wa duka walikuwa wanaimba wimbo wa Baba."

"Wimbo unamhusu nini mzee Hirad?" Zahoro aliuliza.

"Mama Kadar. Jina lake."

"Mama Kadar ni Mama Kadar," alisema Mgeni.

"Anaitwa Sirad, Mama. Na ule mwaka Baba alipokuwa vitani, yeye alikuwa kwao, ng'ambo ya mpaka, anamuuguza mama yake. Kadar anasema ni mji uleule wa kambi ya Baba."

Huko chini Nerima alisikika akifunga milango ya saluni. Mgeni alimgeukia mumewe polepole.

"Kwa hiyo hilo boza," alisema, "Jumapili linakuja kuposa kwetu."

*

Eastlands mtu anaweza kukaa miaka bila kujulikana jina na jirani wa mlango wa pili, kisha akajulikana na mitaa mitatu kwa asubuhi moja. Zahoro alilijua hilo alipokwenda kununua nyanya. Mama wa kibanda alimwuliza kwa adabu ampimie kiasi gani, na kabla hajajibu, vijana waliokaa kwenye pikipiki zao walimjibia kwa pamoja kwamba kidogo kitamtosha. Imamu akanunua nyanya nyingi kuliko walizohitaji nyumbani, ili kukanusha.

Msikitini, baada ya sala ya adhuhuri, Mzee Farid wa kamati alimshika mkono na kumpeleka pembeni penye makabati ya viatu. Farid alikuwa mtu mpole, na upole ulimfanya azunguke sana. Aliulizia afya ya nyumbani. Akaulizia magoti. Akasifu uandishi wa zamani, ambao ulikuwa na hekima.

"Hakuna anayekushutumu, Sheikh," alisema mwishowe. "Ila darsa ya akina mama ya Alhamisi, tumeona upumzike kidogo." Alisikia alivyosema, akatamani neno lirudi. "Nimekusudia, kwa muda."

"Siradi ni lori, Mzee Farid."

"Bila shaka," Farid alisema, na akampigapiga begani kama anavyofanyiwa mgonjwa.

Nyumbani, Mgeni aliacha kusema na mumewe moja kwa moja. Maneno yote yalipitia kwa Hikma. "Hikma, mwambie baba yako chai inapoa," alisema, na baba akiwa ameketi palepale mbele ya hiyo chai. Hikma alipokuwa kazini, Mgeni aliliambia friji. Friji liliambiwa mambo mengi wiki hiyo, likiwemo la kwamba wapo watu waliobaki na watoto wadogo katika nyumba za kupanga, wakisali usiku ili wengine warudi salama kutoka kwenye safu za madumu.

Siku moja kabla ya posa, Shiru alikuja mwenyewe kutoka Dandora na mfuko wa sukari na majani ya chai kama shukrani. Alikuwa msichana mwembamba mwenye nywele nyekundu, na alipofunguliwa mlango alianza kwa "niaje", akaona mtandio wa Mgeni, akajirekebisha kwa "shikamoo".

Zahoro alifurahi kumwona kama mshtakiwa aonavyo shahidi. Alimkalisha kwenye kiti kizuri.

"Shiru, mwambie mama hapa. Nilipokusomea, nilikwambia Siradi ni nini?"

"Boza," Shiru alisema.

Zahoro alimtazama mkewe. Mgeni hakumtazama, lakini mkono wake uliokuwa ukimimina chai ulipunguza mwendo.

"Lakini nikajua ni mafumbo," Shiru aliendelea, akitaka kusaidia. "Nyinyi wazee wa Kiswahili mnaficha. Nikasema boza lazima ni manzi mwenye..." Alieleza kwa mikono. Mikono ilikuwa bado hewani, imeachana sana, alipokutana na macho ya Mgeni. Akairudisha mapajani. "Mama, usiskie vibaya. Kila msanii ana mtu wake. Na huyo ni wa zamani."

"Kunywa chai, mwanangu," alisema Mgeni.

Shiru alikunywa haraka mno kwa mtu anayekunywa chai ya moto. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni alimnong'oneza Zahoro, "Mzee, ulisema kuna ubeti mwingine. Ngoma imeshika. Nipe tumalizie."

"Upo," Zahoro alisema. "Lakini huo hauchezeki."

*

Wakwe walifika Jumapili baada ya adhuhuri. Alitangulia Hirad, muuzaji wa mapazia kwa jumla, mtu mfupi aliyezoea kufungua vitambaa vikubwa na hivyo akisimama aliweka mikono mbali na mwili. Nyuma yake alikuja kaka yake mkubwa, Jimale, ndevu zake zikiwa na hina, na fimbo mkononi. Kisha Kadar, ambaye alikuwa na sura ya kijana aliyekuja kuzikwa. Wa mwisho alikuwa Mama Kadar. Alikuwa mwanamke mkubwa, mrefu na mpana, na alipopita mlangoni alipita kwa ubavu, akaenda kochini kwa mwendo wa taratibu unaoyumba huku na huku. Zahoro alitazama dari. Mgeni alimtazama Zahoro akitazama dari.

"Karibuni, karibuni mketi," alisema Mgeni.

"Sitakaa," alisema Hirad. "Nikikaa nitapewa kinywaji, nikipewa kinywaji nitakuwa mgeni, na mgeni hawezi kusema ninachotaka kusema."

"Sema basi ukiwa umesimama," alisema mkewe, akijiegemeza kwenye mito. "Pilau inanukia. Usiicheleweshe."

Hirad alisema. Alisema kwamba amefanya biashara Nairobi tangu ujana wake na hajawahi kupungukiwa heshima. Sasa akiingia dukani wafanyakazi wanaacha kuimba, na hiyo ni mbaya kuliko wangeendelea. Mteja mmoja kutoka Dandora alimwuliza kama Siradi yupo, na akataka punguzo. Punguzo lenyewe alilitaja kwa neno lilelile la wimbo.

"Nataka nijibiwe na mwanamume mwenzangu," alimalizia. "Mke wangu ulimjulia wapi?"

"Simjui," alisema Zahoro. "Leo ndiyo mara ya kwanza namwona. Siradi wa shairi ni boza la maji la jeshi."

Hirad alimgeukia mkewe. "Umesikia? Sasa anakuita boza."

"Nimesikia," alisema Sirad. Hakuonekana kuumia. "Na mimi nimeusikiliza huo wimbo mara nyingi kuliko wewe. Kiuno kile si changu. Ningekuwa nacho ningekumbuka."

"Unacheka."

"Nafikiri, Hirad. Kuna mtu amekaa jangwani, ameona lori, akaliandikia maneno kama yale. Wewe tangu unioe umenitumia ujumbe gani kwenye simu? 'Leta funguo.' 'Niko nje.'"

Kadar alikohoa. Hikma, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia la jikoni na masikio yote mawili, alikohoa pia.

Ndipo Jimale, ambaye hakuwa amesema neno, akaigonga fimbo chini mara moja. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilibidi wote wanyamaze ili wamsikie.

"Mnazungumza kiuno," alisema. "Mimi nina swali jingine. Huyu mtu alikuwa kwetu. Na jeshi."

Kicheko kilichokuwa kimeanza kujikusanya chumbani kilikatika.

"Nilikuwa," alisema Zahoro.

"Na bunduki?"

"Imamu hapewi bunduki. Nilikuwa na msahafu na birika la udhu. Na birika mara nyingi lilikuwa tupu."

"Wenzako walikuwa nazo."

"Walikuwa nazo."

"Na wewe ukawaombea dua."

"Niliwaombea warudi kwao," Zahoro alisema. "Na niliwaombea wasifanye lile ambalo wangeshindwa kuishi nalo. Si dua zote zilizojibiwa, Mzee Jimale. Sitakudanganya."

Hirad alifungua mdomo. Alikuwa anaanza kusema kwamba mtu wa namna hiyo, na nyumba ya namna hiyo, lakini hakufika mbali, kwa sababu Mgeni alikuwa amesimama.

"Samahani, Baba Kadar," alisema. "Mume wangu ana kesi, na hakimu wake ni mimi. Wiki nzima hajapata neno langu. Nimemlisha chai baridi. Akihukumiwa, atahukumiwa humu ndani na mimi. Nyinyi mlikuja kwa ajili ya Hikma. Kama mna neno juu ya Hikma, semeni. Kama hamna, pilau iko, mle mwende salama."

Hirad hakuwa na neno juu ya Hikma. Hakuna aliyewahi kuwa nalo.

Zahoro alimtazama mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kusikia sauti yake ikitumika kwa upande wake.

"Imamu," Sirad aliita kwa upole kutoka kwenye mito yake. "Wimbo ule umekatika. Mimi nimelelewa na watu wa mashairi, najua kitu kilichokatika. Boza lilikwenda wapi?"

Zahoro alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Kisha akasoma, bila ngoma na bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma anwani.

*Siradi yuko njiani, ubavu umefumuka,*
*Maji yote mchangani, na dereva hakushuka,*
*Kamkuta usukani, mikono imeushika,*
*Musyoka kaka Musyoka, kiu yetu imekwisha.*

Harufu ya pilau ilikuwa imejaa chumbani na haikumhusu mtu.

"Bomu la barabarani," alisema Zahoro. "Musyoka, dereva wake, ndiye aliyelipatia boza lile jina. Alikuwa mtu wa Kitui, alisema yeye amezaliwa na kiu na hakuna kitakachomtisha. Alikuwa akifika, anapiga honi tangu mbali ili tuanze kufurahi mapema. Nilimsomea zile beti mbili za kwanza akacheka mpaka akakaa chini. Akasema ubeti wa tatu umtaje yeye." Aliivaa kofia tena, vibaya. "Basi ukamtaja."

"Mlimzika huko?" aliuliza Jimale.

"Alirudishwa kwao. Lakini kabla ya ndege kuja ilibidi asomewe. Alikuwa Mkristo, na padri wetu alikuwa likizo. Nikachukua kitabu cha padri, nikasoma Zaburi. Nilisoma vibaya, sikujua wanavuta pumzi wapi. Vijana wakawa wanaitikia amina mahali popote nilipokwama."

"Inaruhusiwa?"

"Sikuuliza."

Mgeni alikuwa bado amesimama. Alikumbuka mumewe aliporudi likizo mwaka ule, jinsi alivyojaza maji kila chombo cha nyumba, ndoo, sufuria, majagi, mpaka beseni la kufulia sare ya shule ya Hikma, na jinsi yeye alivyomgombeza kwamba watu hawana pa kupita. Alidhani ni kwa sababu ya mgao wa maji wa Tena. Hata siku moja hakumwuliza.

Hirad alikaa. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa na sahani ya kachumbari, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mpaka alipojisikia mwenyewe.

Hikma alitoka mbio na kitambaa. Sirad alijifunika uso kwa mtandio, na mabega yake makubwa yakaanza kutikisika, na ilikuwa shida kujua kama analia au anacheka mpaka aliposema, "Yallah, Hirad, hata msiba huwezi kuukalia sawasawa." Kadar aliangua kicheko, akatishika, akanyamaza. Mgeni alimpeleka Hirad bafuni, na Hirad akarudi amevaa kikoi cha Zahoro, ambacho kilimfika chini kabisa.

Jimale peke yake hakucheka. Alisubiri wengine wamalize.

"Mimi nilikuwa na mpwa," alisema. "Vita hiyohiyo. Kombora liliingia sokoni, na hakuna mpaka leo aliyesema ni lake. Hakuna aliyemwandikia shairi."

"Jina lake nani?" aliuliza Zahoro.

"Qorane."

Zahoro aliacha kiti chake, akaenda kukaa karibu naye. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Jimale alimtazama kwa muda, kama anayepima kama ameulizwa kwa adabu tu. "Mwizi wa sukari," alisema. "Walahi, mtoto aliiba sukari mpaka akiwa na ndevu. Tulificha ndani ya gunia la chumvi, akajifunza kuonja gizani."

"Na kazi yake?"

"Kulala. Alifanya kazi ya kulala, na mapumziko yake yalikuwa kula." Aliilaza fimbo mapajani. "Siku ile alitumwa sokoni asubuhi. Ndiyo mara ya kwanza aliamka mapema."

Zahoro hakumwambia kwamba ni mipango ya Mungu. Alikuwa amewahi kuwaambia watu hivyo, akiwa kijana katika kazi, na alikuwa ameona nyuso zao. Aliuliza kama Qorane alipenda sukari ya mawe au ya unga. Jimale akasema hilo ni swali zuri, na akaanza kulijibu kwa urefu.

Sirad alimgusa Mgeni goti. "Mama Hikma, hawa leo hawatamaliza. Jikoni kwako kuna nafasi?"

"Ya mmoja na nusu."

"Tutabanana."

Kwa hiyo mahari ya Hikma ilizungumzwa jikoni, kati ya sufuria ya pilau na kapu la nyanya nyingi kupita kiasi. Sirad alisimama kwa ubavu na Mgeni mgongo kwa friji, na Hikma mwenyewe aliitwa aseme anachotaka. Alitaka aendelee kufundisha, na alitaka cherehani ya umeme. Kadar, aliyekuwa akisikiliza kwa kisingizio cha kuomba maji ya kunywa, alikubali kabla hajaulizwa. Walipotoka, Hirad aliambiwa alichokubali. Aliuliza mambo mawili matatu ili ionekane amefikiri, huku akishikilia kikoi kiunoni. Jimale akanyanyua mikono, wakasoma Fatiha, na ndipo watu wakala.

Mambo mengine hayakunyooka kwa urahisi huo. Shiru aliposikia ubeti wa mwisho hakuuimba. Alimrekodi mzee akiusoma kwa sauti yake mwenyewe, akauweka mwishoni mwa wimbo, ngoma ikiwa imenyamaza. Vituo vingi viliukata kwa sababu ya muda. Vijana wa pikipiki waliendelea kumwambia Imamu kidogo kitamtosha, ila sasa walimwamkia kwanza. Mzee Farid alimrudishia darsa ya Alhamisi, na akina mama walikuja wengi kuliko zamani, wengine kwa ajili ya elimu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumapili ile, wakwe walipokwisha ondoka na Hikma akiwasindikiza mpaka chini, Mgeni alikunja mikono ya buibui na kuanza kuosha vyombo. Zahoro alikuja na kitambaa, akasimama kando yake, akaanza kukausha. Walifanya hivyo kwa muda bila mtu wala friji kati yao.

"Ungeniambia," alisema Mgeni.

"Ningeanzia wapi?"

"Popote. Ningekwama nawe." Alimpa sahani. "Sasa niambie na hili. Lori limeandikiwa shairi. Dereva wake ameandikiwa. Leo umekaa na mzee wa watu mpaka nikaona kabisa umeshaanza kumtungia mwizi wa sukari. Mimi je?"

Zahoro alikausha sahani iliyokuwa imekwisha kauka. "Wewe ni mgumu."

"Ugumu gani? Jina langu linaishia na 'ni'. Hata mtoto wa chekechea wa Hikma anapata kina cha 'ni'. Nyumbani, jikoni, moyoni. Hukuwa na udhuru."

Hilo lilikuwa kweli, na la kiufundi. Zahoro alitazama dirishani, ambako nguo za majirani zilikuwa zikianuliwa, akasafisha koo.

"*Mgeni wangu nyumbani*," alisema.

Mgeni alizima bomba. "Miaka yote hii, na bado ni mgeni nyumbani?"

"Ni jina lako."

"Najua ni jina langu. Wasomaji hawajui. Watadhani nimekuja kulala siku mbili. Badilisha."

Alifikiri, midomo ikitembea bila sauti, vidole vikihesabu mizani moja moja juu ya ukingo wa sahani. "*Mwenye nyumba ni Mgeni.*"

Mgeni aliurudia mstari ule kimoyomoyo, akaupima. "Huo una mtu ndani," alisema. "Haya, wa pili."

Akamnyang'anya ile sahani kwanza, maana ilikuwa ya seti nzuri, na mumewe alikuwa tayari amefumba macho.